Umesoma nini, na unasemaje? Majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu vitabu walivyosoma karibuni na jinsi walivyoviona. Barua zilizotoka Lubumbashi zilibeba karibu lalamiko moja: kusoma tunasoma, lakini tukiulizwa maoni tunabaki na neno moja mdomoni. Tumechagua sita. Mahali palipohitaji maoni yetu wenyewe juu ya vitabu vilivyotajwa, tumeyatoa waziwazi, nanyi mna haki ya kuyakataa.

Tangu kiangazi kianze nimemaliza vitabu vitatu visivyofanana hata kidogo: Kusadikika, Tram 83, na ile historia nene ya Kongo ya David Van Reybrouck. Wenzangu wakiniuliza, "Ulivionaje?" najibu, "Vizuri." Basi. Nifanye nini ili niseme kitu cha maana?
*Msomaji, Katuba*

Neno "vizuri" si kosa. Tatizo lake ni kwamba halijafungwa popote, kama mbuzi asiye na kigingi. Kigingi cha maoni ni ukurasa.

Chukua karatasi ya daftari la shule, ikate nusu, ikunje iingie ndani ya kitabu. Itakuwa alama yako ya kusomea na kadi yako ya maoni kwa pamoja. Andika juu yake mambo manne. La kwanza ni kitabu kinahusu nini, kwa sentensi moja isiyozidi maneno 25. Ikizidi hapo, umeshaanza kusimulia hadithi. La pili ni kimejengwaje: nani anayesema, mambo yanakwenda mbele au yanarukaruka, sura ni fupi au ndefu. La tatu ni namba za kurasa mbili, mmoja uliokushika na mmoja uliokuachia. La nne ni nani ungempa kitabu hicho na nani usingempa. Kurasa zile mbili ziandike wakati uleule unasoma. Mengine yajaze ndani ya siku mbili baada ya kumaliza. Ukichelewa zaidi, hisia inabaki lakini sababu yake inapotea: utakumbuka kwamba ulikasirika, hutakumbuka maneno yaliyokukasirisha.

Sasa tuchukue Kusadikika tuone kazi inavyofanyika. Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, naye mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali. Nchi ya Kusadikika ameiweka hewani, na watu wake amewapa majina ya tabia: mshtaki anaitwa Majivuno, mshtakiwa anaitwa Karama, na kosa la Karama ni kutaka watu wasome sheria. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, yaani mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anarudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mjumbe anaadhibiwa.

Wengi husema kitabu hiki "kinajirudia" na kuishia hapo. Ni kweli kinajirudia. Maoni kamili yangekwenda hivi: "Nilipofika kwa mjumbe wa tatu nilikuwa nimeshajua mwisho wa safari yake, nikachoka. Kwa wa tano uchovu ukageuka hasira, kwa sababu niliona kwamba anayerudia si mwandishi, ni baraza la Kusadikika, lenye jibu moja kwa kila mtu anayeleta kitu kipya." Hapo umetaja kasoro, umeeleza kwa nini huenda si kasoro, na mwenzako anaweza kufungua kitabu akubishie. Sisi tunasimama upande huo: kurudia ndiko kunakokipa kitabu nguvu. Kinachotuchosha kweli ni hotuba. Karama anaongea kama mtu asiyekatizwa hata mara moja, na mahakama isiyomkatiza mshtakiwa ni vigumu kuisadiki.

Tram 83 inadai sikio lingine. Fiston Mwanza Mujila alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1981, anaishi Graz huko Austria, na riwaya hii ilitoka Paris mwaka 2014. Mji wake hauna jina. Una migodi, una kituo cha treni, una baa ambayo usiku wote unapita ndani yake, na Lucien, mwandishi, anajaribu kuandika huku rafiki yake wa zamani Requiem akifanya biashara ambazo ni afadhali zisiandikwe. Mazungumzo yanakatizwa tena na tena na wasichana wanaouliza saa, swali lilelile, mpaka linakuwa kama ngoma chini ya wimbo. Chagua orodha moja ndefu kati ya zile nyingi zilizomo, isome kwa sauti bila kusimama. Ikikubeba, kitabu ni chako. Ikikukwama kooni baada ya mistari minne, usijilazimishe kukisifu kwa sababu mwandishi ni mtoto wa mji. Tunavyoona sisi, mwendo wa lugha yake hauna mfano, lakini wanawake wa kitabu hiki wanaonekana karibu wakati wote kwa macho ya wanaume wanaowanunulia bia, na ni wachache mno wanaopewa nafasi ya kuwa watu kamili. Angalia kosa moja linalowapata wasomaji wa huku hasa: kutafuta baa yenyewe iko barabara gani. Ukishasema "hii ni ile ya fulani," umeacha kusoma riwaya.

Kitabu cha Van Reybrouck kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 2010 na kwa Kifaransa mwaka 2012. Hapa kadi peke yake haitoshi, unahitaji kalamu ya risasi. Chagua kurasa 20 mfululizo, na pembeni mwa kila aya andika herufi moja: U kwa ushuhuda wa mtu aliyehojiwa, K kwa karatasi za kumbukumbu, M kwa mawazo ya mwandishi mwenyewe. Mwisho hesabu. Utagundua kwamba aya zinazokuvuta zaidi ni zile za U, na pia kwamba ndizo ngumu zaidi kuthibitisha. Mfano mzuri ni mzee Nkasi, aliyesema alizaliwa mwaka 1882 na ambaye mwandishi alimkuta bado hai. Hakuna cheti. Soma kwa makini jinsi mwandishi anavyoipima kumbukumbu ya mzee huyo, halafu uamue kama kipimo hicho kinakutosha. Kisha, kama toleo lako lina faharasa, hesabu kurasa zinazotaja Elisabethville (jina la zamani la mji wetu) na Lubumbashi uzilinganishe na za Kinshasa. Ukisema "mji wetu umepewa nafasi ndogo" ukiwa na hesabu mkononi, hayo ni maoni. Bila hesabu ni kunung'unika.

Angalia basi usivipime vitabu vyote vitatu kwa kipimo kimoja, kwa maana mafuta hayapimwi kwa mita. Hadithi ya mafumbo unaiuliza kama fumbo lake linachoma. Riwaya unaiuliza kama dunia yake inasimama yenyewe. Historia unaiuliza, "Umejuaje?" Mtu anayeilaumu Kusadikika kwamba hakuna nchi hewani, na anayeisamehe historia kukosa ushahidi kwa kuwa imeandikwa vizuri, wote wawili wamebadilishana vipimo.

Niliacha kitabu katikati. Je, nina ruhusa ya kutoa maoni?
*Mwanafunzi, Kasapa*

Unayo, kwa sharti moja: taja ukurasa uliosimama. "Niliishia 84 kati ya 300" ni maelezo ya kweli na yanamsaidia anayefuata.

Kabla ya kuacha, kipe kitabu kurasa 50, au sehemu ya kumi ikiwa ni kinene kupita 500. Kisha tafuta sababu, kwa kuwa kuna uchovu wa aina tatu na dawa zake hazifanani. Kama unarudia sentensi mara mbili mbili, tatizo ni lugha: soma kurasa tano kwa siku badala ya 20. Kama unaelewa kila kitu na hujali, tatizo ni kitabu na wewe: achaneni kwa amani. Kama umetoka kumaliza kitabu kingine cha aina hiyohiyo, tatizo ni mpangilio. Historia mbili nene hazifuatani, tia riwaya nyembamba katikati. Usichoruhusiwa ni kusema neno juu ya mwisho ambao hukuufikia.

Nimekamata Peponi kwa rafiki, nikaisoma kwa shida. Kiswahili yake haiko kama yetu ya huku. Mara nyingine nafika mwisho wa ukurasa ndipo naona nilielewa kinyume. Nirudilie Kifaransa tu?
*Mama msomaji, Kampemba*

Mama, barua yako imelionyesha tatizo lenyewe katika neno la kwanza. Umeandika "nimekamata Peponi kwa rafiki," na kila mtu wa Lubumbashi ameelewa kwamba ulikichukua. Msomaji wa Zanzibar atafikiri ulikinyang'anya kwa nguvu, kwa sababu kwao kukamata ni kazi ya askari na mwizi.

Hatari kubwa zaidi katika kitabu hiki cha Abdulrazak Gurnah ni neno kuuza. Huku kwetu kuuza ni kutoa makuta, yaani pesa, ukapata kitu, na mwenye kutoa kitu tunasema anauzisha. Katika Kiswahili cha vitabu ni kinyume: anayeuza ndiye anayetoa kitu, na anayetoa pesa ananunua. Peponi ni riwaya ya wafanyabiashara. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni. Ukikosea hapo nani ameuza na nani amenunua, umekosea moyo wa kitabu. Basi andika kwenye kadi yako, juu kabisa: *kuuza = kuuzisha; kununua = kuuza*. Mstari huo mmoja utakuokoa zaidi ya kamusi nzima.

Kamusi nayo ina utaratibu wake. Kurasa 30 za kwanza usiifungue kabisa. Kila neno usilolijua litilie nukta ya kalamu ya risasi pembeni, endelea. Mwisho wa sura rudi uangalie nukta: maneno mengi yatakuwa yamejieleza yenyewe kwa kurudi mahali pengine. Yaliyotokea mara tatu na bado ni giza, hayo ndiyo ya kutafuta, na kwa kawaida hayazidi 15 kwa sura. Wanaofungua kamusi kwa kila nukta huchoka kabla ya ukurasa wa 20, kwa kuwa wameacha kusoma hadithi wakaanza kusoma kamusi. Lakini kama nukta zinapita 10 kwa kila ukurasa hata baada ya sura mbili, kisome pamoja na mtu mwingine, kwa sauti. Sikio la mtu wa Lubumbashi hutambua maneno ambayo jicho lake limeyakataa, hasa yale yanayotofautiana na yetu kwa herufi moja tu, kama *ndege* na *ndeke* yetu.

Usirudi Kifaransa haraka. Abdulrazak Gurnah aliiandika riwaya hii kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka 2022. Sasa fikiria: watu wa hadithi hii, madukani na katika msafara, kwa sehemu kubwa ni watu ambao wangekuwa wanasema Kiswahili. Kiingereza cha kitabu ndicho kilichokuwa tafsiri, kwa namna fulani, na tafsiri ya Kiswahili imewarudishia watu hao midomo yao. Kuna kilichopotea pia, na ni haki kukitaja. Mwandishi aliyaacha maneno ya Kiswahili na Kiarabu ndani ya Kiingereza chake, nayo yalisimama pale kama wageni mlangoni. Katika Peponi maneno hayo yameingia ndani, yameketi, hayaonekani tena. Ukitaka kuthibitisha, chukua ukurasa mmoja wenye mazungumzo, usome kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, kisha uandike ni wapi unamsikia mtu na ni wapi unamsikia mwandishi.

Ukimaliza, kitafutie jirani: maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufa Zanzibar mwaka 1905. Yeye ni tajiri wa msafara anayejisimulia, na nchi anazopita ni za upande wetu, hadi Kasongo na Nyangwe. Vita na pembe za ndovu anavitaja kwa sauti ileile ya hesabu ya duka. Frasila, karibu kilo 16, ndiyo kipimo chake. Hesabu wapagazi wangapi wana majina. Kisha rudi kwa Yusuf, utaelewa kwa nini riwaya ilihitaji kuandikwa kutoka machoni pa mtoto aliyetolewa kwa deni.

Nilisikia kuna historia ya mji wetu iliyoandikwa kwa Kiswahili chetu hichihichi, si cha shule. Inafaa kusomwa, au ni karatasi za kale za watafiti?
*Papa, Ruashi*

Papa, inafaa. Tungeiweka mbele ya vitabu vingi vilivyotajwa katika kurasa hizi.

Inaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina lake ni Kifaransa, mwili wake ni Kiswahili cha Lubumbashi. Iliandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watu waliofanya kazi ya uboyi katika nyumba za Wazungu, ikapigwa taipu na kugawanywa. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliichapa kitabuni pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo, akisaidiwa na Kalundi Mango, na maandishi yake yamewekwa pia kwenye intaneti katika hifadhi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa Amsterdam.

Wengi huifungua, huona mistari miwili, huifunga. Sababu ni moja: imeandikwa kama inavyosemwa. Maneno yameungana yasipopaswa kuungana, yamekatika yasipopaswa kukatika, na nukta ni chache. Jicho lililozoea kitabu cha shule linaona makosa tupu. Njia ya kuisoma ni ileile waliyotumia waliochapa kitabu: Kalundi Mango aliisoma kwa sauti, ikarekodiwa, na kutoka kwenye sauti hiyo maana ikapatikana. Fanya vivyo hivyo. Soma mstari kwa sauti ya kawaida, kama unaongea na jirani, usijali nafasi kati ya maneno. Mara ya kwanza utasikia kelele, mara ya pili utasikia mtu. Chukua nusu ukurasa kwa siku katika wiki ya kwanza. Kama nyumbani kuna mzee aliyezaliwa kabla ya uhuru, yeye asikilize nawe usome: atakutambulia majina ya kazi, ya vyakula vya posho na ya Wazungu waliobandikwa majina ya Kiswahili.

Maoni yake ndiyo magumu, kwa sababu ndani yake kuna mambo ambayo historia ya kawaida ingeyafuta. Maandishi haya yanawataja batumbula, wale waliosemekana kuwateka watu usiku kwa ajili ya Wazungu. Wapo wasomaji wanaosema, "Huu ni uongo, basi na mengine ni uongo." Wapo wanaosema, "Wazee walisema, basi ni kweli." Wote wameuliza swali la polisi. Swali la msomaji ni lingine: watu waliolala nyuma ya nyumba ya bwana, waliopika chakula chake na kufua nguo zake, waliona nini kilichowafanya waamini kwamba anaweza kuwala? Ukisoma habari ya batumbula ukiwa umetoka kusoma habari za mishahara, posho na adhabu, utaona haviko mbali.

Tunaipenda kazi hii kwa jambo moja hasa. Vitabu vingi vya historia ya mji huu huanzia kwenye shaba. Hiki kinaanzia kwa mtu aliyeshika sinia.

Kama unapenda kuona pia, kuna kitabu cha Fabian cha mwaka 1996 juu ya picha za Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyeichora historia ya nchi yote hapa Lubumbashi katika miaka ya 1970 na kuieleza picha kwa picha kwa Kiswahili. Tazama picha kwanza bila kusoma maelezo, andika unachokiona, ndipo usome alivyosema mwenyewe. Tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo maoni yako.

Katika familia yetu kitabu cha Ludo De Witte juu ya kifo cha Lumumba hakijadiliwi. Wakubwa wetu walikuwa upande mwingine siku zile. Mimi nimekisoma. Naweza kusema ninavyokiona bila kuvunja nyumba?
*Msomaji, Kamalondo*

Jambo hili lina uzito hapa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito waliuawa karibu na mji huu, tarehe 17 Januari 1961.

Anza na kile ambacho kitabu kilifanya, kabla ya kile unachokihisi. Kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 1999 na kwa Kifaransa mwaka 2000. Bunge la Ubelgiji likaunda tume ya uchunguzi, na mwaka 2001 tume hiyo ikasema kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji na watu wengine wa nchi hiyo walikuwa na wajibu wa kimaadili katika yaliyotokea. Kitabu kilichofanya serikali ijibu kinastahili kusomwa hata na asiyekubaliana nacho.

Kisha tenganisha sentensi zako katika mafungu mawili. Fungu la kwanza: mambo ambayo mwandishi ameyaonyesha kwa telegramu na hati. Hayo unayasema kwa namba ya ukurasa, bila kuongeza neno. Fungu la pili: hukumu zake juu ya nia za watu. Hapo una uhuru wa kusema "hapa ananishawishi, hapa hanishawishi," na hata wakubwa wako wana nafasi ya kuingia, kwa kuwa walikuwepo. Usiwaulize, "Mlifanya nini?" Wasomee aya moja ya fungu la kwanza uwaulize, "Mlisikia nini siku hizo, na mlisikia kwa nani?" Swali la pili hufungua mdomo. La kwanza huufunga. Na kama mzee ananyamaza, mwache anyamaze. Kitabu kitabaki mezani.

Kikundi chetu cha kusoma ni watu 14, kitabu ni kimoja. Mikutano imekuwa ya mtu mmoja kuongea na wengine kuitikia. Tufanyeje?
*Katibu wa kikundi, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi*

Mna matatizo mawili, na la pili halitokani na la kwanza.

La kitabu kwanza. Kukizungusha nyumba kwa nyumba, siku nne kila mtu, ni siku 56. Wa kwanza atakuwa amesahau wa mwisho anapomaliza. Someni kwa sauti pamoja. Ukurasa wa kawaida wenye maneno 300 hivi huchukua dakika mbili na nusu, kwa hiyo kurasa 20 ni dakika 50. Kitabu cha kurasa 240 ni vikao 12. Badilisheni msomaji kila kurasa nne, koo huchoka hapo na sauti huanza kupoteza maana ya sentensi. Anzeni saa kumi alasiri. Mkingoja jioni mtategemea umeme. Anayebeba kitabu nyumbani akifunge katika mfuko wa plastiki miezi ya mvua, Novemba hadi Machi, lakini akitoe mfukoni akifika, kwani karatasi yenye unyevu ikifungiwa huota ukungu kwenye mshono ndani ya wiki chache.

La mazungumzo sasa. Katika kikundi kama chenu mzee au mwalimu akitangulia kusema, mazungumzo yamekwisha, kwa sababu hakuna kijana wa malezi mema atakayesimama kumpinga mbele ya watu. Si woga, ni heshima, na haifai kuivunja. Igeuzeni zamu badala yake: mdogo kuliko wote aseme kwanza, mkubwa kuliko wote aseme mwisho. Hapo mzee ndiye anayejibu, na kumjibu mtoto hakumvunjii yeyote heshima. Kabla ya neno la kwanza kutoka, kila mtu aandike kwa dakika tatu kimyakimya: ukurasa mmoja na sababu moja. Anayeona shida kuandika amnong'oneze jirani aandike kwa niaba yake. Kila mtu apate dakika mbili, saa iwekwe mezani. Anayeanza kusimulia hadithi upya akatizwe kwa swali moja, lilelile kila mara: "Ukurasa gani?"

Katika vikao viwili vya kwanza kutakuwa na kimya kirefu baada ya swali hilo. Msikijaze. Mtu anayegeuza kurasa kutafuta mahali alipokasirika anafanya kazi. Mpeni muda apapate.